Samaki hadonoi, anachomoka, au uzito hautoshi: utatuzi wa matatizo kwenye mechi za uvuvi za klabu Uingereza

Malalamiko yanayosikika kwenye maegesho ya magari baada ya mechi ya klabu ni yale yale kila wiki: pegi (sehemu ya ukingo unayopangiwa kuvulia) ilikuwa mbaya, samaki hawakula, ndoana zilichomoka, jirani alikuwa na bahati. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo. Tafuta dalili inayokusumbua na uanze na sababu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi. Maliza ukaguzi mdogo kabla ya kugusa mambo makubwa.

Nimeuandika kwa Waswahili tulioko huku Uingereza tunaojiunga na klabu za uvuvi wa maji baridi na kuvua kwenye maziwa ya kibiashara, yale yaliyochimbwa na kujazwa karpu, chotara wa karpu waitwao F1, brimu, rochi na tenchi. Aliyezoea mshipi wa mkono baharini au kwenye Ziwa Viktoria ana mikono mizuri tayari, ila ana mazoea mawili ya kuacha. Samaki wa hapa haliwi. Hukaa kwenye wavu wa kuhifadhia, hupimwa, kisha hurudishwa majini, na kwa hiyo wengi wao wameshanaswa mara nyingi na wanaijua ndoana. Tena samaki huyu hana njaa, kwa sababu kuna watu wanaomlisha karibu kila siku ya mwaka. Msimamo wangu tangu mwanzo ni huu: matatizo mengi ya mechi hizi yanatokana na kina na ulishaji, na vifaa ndivyo vinavyosingiziwa.

Umezuiwa kuanza, au umepewa onyo kabla ya mechi

Sababu ya kawaida ni leseni. England na Wales, kila mwenye umri wa miaka 13 au zaidi anatakiwa kuwa na leseni ya fimbo ya Environment Agency (wakala wa serikali wa mazingira), hata kama ziwa ni mali ya mtu binafsi na umelipia tiketi ya siku. Wa miaka 13 hadi 16 hupewa bure, lakini ni lazima waiombe. Tiketi ya ziwa haichukui nafasi ya leseni.

Kinachofuata ni nyavu. Maziwa mengi hutaka nyavu zako zichovywe kwenye tangi la dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuingia majini, na mengine hukupa nyavu zao wenyewe. Ukija na wako, usiwe na mafundo, uwe na urefu wa angalau mita 2, na matundu yake yasizidi milimita 25. Halafu angalia ndoana. Karibu maziwa yote haya yanakataza ndoana zenye kijino, na kukibana kijino kwa koleo hakumridhishi kila msimamizi, kwa hiyo nunua zisizo nacho tangu kiwandani. Mwisho ni chambo: soma bodi iliyo langoni, kwa sababu kuna maziwa yanayoruhusu peleti zinazouzwa dukani kwao tu, na karanga za aina zote hukatazwa mahali pengi. Machubwi ya risasi halisi yenye uzito wa kati ya gramu 0.06 na 28.35 hayaruhusiwi kisheria. Ukirithi sanduku la zamani la mtu, likague.

Kuna wanaokosa mechi za masika kwa kudhani uvuvi umefungwa. Marufuku ya kuanzia Machi 15 hadi Juni 15 ni ya mito. Maziwa mengi ya kibiashara yako wazi mwaka mzima.

Saa nzima imepita na kiboya hakijatikisika

Kina ndicho cha kwanza, na kwa mbali. Karpu na F1 wanaookota chakula chini hawainuki kufuata chambo kinachoning'inia sentimita 10 juu yao. Mshipi ukiwa umelala sana sakafuni nako ni hasara, maana samaki atachukua chambo na kukitema kabla kiboya hakijakuambia chochote. Bandika chubwi la kupimia kwenye ndoana, lishushe taratibu pale pale unapokusudia kuvua, kisha sogeza kiboya mpaka ncha yake tu ibaki juu ya maji. Usiishie hapo. Pima nusu mita kushoto, nusu mita kulia, mbele na nyuma.

Unachotafuta ni mahali tambarare. Maziwa mengi ya kuchimbwa yana ukingo wenye maji mafupi, halafu mteremko, halafu sakafu iliyolala, na mwisho wa mteremko ndipo chakula kinapotulia. Ukilisha juu ya mteremko wenyewe, peleti zinabingirika kwenda chini na samaki wanazifuata, nawe unabaki unavua mahali pasipo na kitu. Ukishapata kina, weka alama ya tipeksi kwenye kipande cha juu cha ufito (fimbo ndefu ya vipande vya kuunga, isiyo na rili) ili uweze kukirudia kiboya kikisogea. Dakika kumi za kupima kabla ya filimbi zina faida kuliko kiboya chochote cha bei.

Sababu ya pili ni chakula kingi mno mwanzoni. Mtu anamwaga kikombe kizima cha peleti kwa kuwa aliona video ya majira ya joto, naye anavua mwezi Februari. Chakula ukishakimwaga hukitoi tena. Samaki aliyezungukwa na peleti mia tano ana nafasi mia tano za kukosana na ndoana yako. Anza na peleti ndogo kiasi cha kijiko cha chai, au funza kumi na tano hivi, kwa kikombe kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya ufito, halafu subiri jibu. Samaki wakija na kula haraka, ongeza. Kama tayari umemwaga sana, pahali hapo paache kwa dakika arobaini au zaidi, fungua pengine, na ukirudi usiongeze hata punje moja mpaka umempata samaki.

Ya tatu: samaki wako ndani ya pegi yako, ila si pale ulipo. Huruhusiwi kuhama pegi, lakini pegi yenyewe ni pana na ina kina zaidi ya kimoja. Siku ya joto tazama juu ya maji: migongo, viputo, mawimbi madogo yasiyo ya upepo. Hao wako juu, na chambo chako kilicho chini hawakioni. Punguza kina hadi nusu mita na urushe peleti chache mara kwa mara. Siku ya baridi mambo hugeuka. Samaki hujikusanya palipo na kina na utulivu, na upepo wa baridi unaopiga usoni kwako ni sababu tosha ya kuwa na siku ngumu.

Baridi kali inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndipo wengi wanapokata tamaa. Joto la mwili wa samaki hufuata maji. Maji yakishuka hadi nyuzi 8 au chini ya hapo, karpu hutembea kidogo na kumeng'enya polepole, kwa hiyo kumwita kwa chakula hakufai. Mfuate. Kata vidonge vya mkate mweupe kwa kitobo cha milimita 6 hadi 8, weka kimoja kwenye ndoana, usilishe kabisa, na anza kwenye nusu ya kina. Dakika tano hapa, dakika tano mita moja pembeni, kisha ongeza kina kidogo. Wavuvi wa hapa huita kudobu. Ni kazi ya kutafuta, na inachosha, lakini nimeona siku ambazo pegi zote zilizolishwa zilitoka kavu na mwenye mkate akapata samaki wanane.

Zipo sababu nyingine zisizotokea sana. Sanduku la kukalia linalogonga ubao wa jukwaa hufukuza samaki wa ukingoni. Mshipi wa ndoana ulio mnene kwenye maji meupe ya baridi huonekana. Shuka kutoka milimita 0.15 hadi 0.11 au 0.10, na ndoana kutoka namba 16 hadi 18 au 20. Kwa wageni: namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo.

Kiboya kinazama, ukivuta hakuna kitu

Hii ndiyo dalili inayowavuruga watu kuliko zote, kwa sababu inakupa matumaini. Mara nyingi ukweli ni kwamba hujadonolewa. Samaki wameinuka kutoka sakafuni, wanaogelea katikati ya maji wakifuata chakula kinachoshuka, na miili yao inagusa mshipi. Ishara zake ni tatu: kiboya kinadidimia kwa kasi na kuibuka hapo hapo, ndoana inarudi na gamba, au unanasa samaki kwa pezi au tumboni, naye anakimbia kwa nguvu isiyo ya kawaida kisha anaachia.

Anza na lililo rahisi: usivute kwa kila mtikisiko. Ngoja kiboya kizame na kubaki chini. Kisha badili namna ya kulisha. Peleti zinazorushwa kwa mkono huanguka zimetawanyika na kuwavuta samaki juu. Peleti hizo hizo zikimwagwa kwa kikombe cha ufito juu ya kiboya hushuka kwa pamoja. Punguza mara za kulisha. Tumia chakula kizito zaidi, kwa mfano peleti ngumu za milimita 4 badala ya zile ndogo zinazoelea kidogo kidogo. Ongeza kina kwa sentimita 5 ili chambo kilale chini na mshipi utulie.

Yote hayo yakishindikana, acha kupigana nao. Kama samaki wanataka kuwa juu, punguza kina na uvue huko huko juu. Watu hupoteza saa mbili za mechi wakiwalazimisha samaki wa mwezi Julai wale sakafuni.

Sababu ya pili ni mshipi uliolegea kati ya ncha ya ufito na kiboya. Ukiwa na mita moja ya mshipi inayopeperushwa na upepo, mkono wako unachelewa. Fupisha hadi sentimita 30 au 40 kwa uvuvi wa chini. Ya tatu ni chambo kisicholingana na ndoana: peleti laini kubwa kwenye ndoana ndogo hufunika ncha yote, na peleti ngumu iliyotobolewa kwa ndoana haiachi nafasi ya ncha kuingia mdomoni. Peleti ngumu ivalishwe kibendi kidogo cha mpira ili ndoana ibaki wazi. Ya nne, samaki wadogo wanakimega chambo. Ukirudisha ganda la funza lililonyonywa, ni rochi wadogo. Badili uweke punje ya mahindi matamu au peleti ngumu.

Wanaotumia fimbo ya rili na fida ya kubanwa chambo (kifaa kidogo chenye uzito kinachobeba chakula hadi chini) wana toleo lao la dalili hii: ncha ya fimbo inacheza, wanainua, patupu. Kwenye fida ya namna hiyo mshipi wa ndoana ni mfupi, takriban sentimita 10, na samaki hujinasa mwenyewe kwa uzito wa fida. Weka fimbo kwenye vishikio, na usiiguse mpaka ncha imepinda na kubaki imepinda. Tumia pia klipu ya rili ili kila mtupo uangukie mahali pamoja. Chakula kilichotapanywa mahali kumi ni kama hakuna.

Siku za upepo kuna jambo moja zaidi. Maji ya juu husukumwa upande mmoja na ya chini hurudi upande mwingine, nacho chambo chako kinaburuzwa huku samaki akikitazama kikipita. Weka kiboya kikubwa zaidi, sogeza machubwi yakae karibu na ndoana, na ulaze sentimita 5 hadi 10 za mshipi sakafuni.

Samaki ananaswa vizuri, kisha anachomoka au anakata

Tenganisha kwanza mambo mawili, maana tiba zake ni tofauti. Ndoana ikirudi nzima, samaki amechomoka. Ikiwa haipo, amekata.

Kuchomoka kwa kawaida kunaletwa na mpira ulio ndani ya ufito kutolingana na samaki. Mpira mgumu, namba 14 au 16, utang'oa ndoana kwenye mdomo laini wa F1 au brimu. Mpira mlaini, namba 6, hautamzuia karpu wa kilo 4, naye atapata nafasi ya kugeuka mara nyingi, na kila akigeuka ndoana inalegea. Kwa F1 na brimu namba 8 hadi 10 inafaa. Kwa karpu wa kuchanganyika, 12 na kuendelea. Namba hizi hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo uvute kwa mkono kabla ya kuuamini. Tundu la pembeni la kuvutia mpira ni msaada mkubwa: unaanza na mpira mlaini wakati samaki ana nguvu, kisha unaufupisha akishakaribia.

Ndoana isiyo na kijino haisamehi mshipi uliolegea. Unapourudisha ufito nyuma kwenye rola (kigurudumu cha kuutelezesha ulichokiweka nyuma yako), uurudishe kwa mwendo sawa. Ukisimama ghafla mpira unarudi ndani, mshipi unalegea, na samaki anaondoka. Jizoeze nyumbani bila samaki. Na kama waliochomoka wengi waliacha gamba, rudi kwenye dalili iliyotangulia: hawakuwa wamenaswa mdomoni, na hakuna mpira utakaotibu hilo.

Kukata ni habari nyingine. Pitisha vidole kwenye sentimita 15 za mwisho za mshipi baada ya kila samaki mkubwa. Ukihisi mkwaruzo au kijikunjo, badilisha. Mshipi wa ndoana uwe dhaifu kuliko mshipi mkuu, ili ukikatika usimwachie samaki kiboya kizima cha kuburuza. Lowesha kila fundo kabla ya kulikaza. Ikiwa mshipi unakatika pale pale mechi nzima, kuna kitu chini ya maji: mzizi, jiwe, chuma cha jukwaa. Hama nusu mita na mwambie msimamizi baada ya mechi.

Walikuwa wanakula vizuri, ghafla kimya

Mara nyingi samaki hawajaenda mbali. Wamerudi nyuma mita moja au mbili kutoka kwenye msukosuko. Ongeza kipande kimoja cha ufito na ujaribu pembezoni mwa ulipolisha kabla ya kuongeza chakula. Mkono wa haraka hupenda kumwaga kikombe kingine kikubwa wakati huu, na hilo ndilo linalomaliza pegi.

Dawa halisi inaandaliwa saa mbili kabla. Mechi yenye urefu wa saa tano inahitaji mahali pawili au patatu pa kuvua: pa mbele mwishoni mwa mteremko, pa mbali zaidi, na pa ukingoni kushoto au kulia palipo na majani. Unavua mahali pamojawapo huku ukipadondoshea pengine chakula kidogo. Ukingo ni wa saa ya mwisho. Kuanzia mwisho wa masika hadi vuli, karpu wakubwa husogea kwenye maji ya sentimita 45 hadi 60 jua likianza kulegea na watu wakianza kuchoka. Anayekwenda ukingoni saa ya kwanza huwatisha, na baadaye hawaji.

Kama kimya ni cha ziwa zima, simama utazame. Jua limetoka? Upepo umegeuka? Hapo tatizo si lako, na kubadilibadili vifaa kutakupotezea muda tu.

Jirani anaopoa, wewe unatazama

Ndiyo, pegi zinatofautiana. Hupangwa kwa kura, na hata fainali kubwa kama Fish'O'Mania, iliyoanza mwaka 1994, haikwepi bahati ya pegi. Pegi ya kona, ya mbele ya kisiwa au ya mwisho wa safu yenye maji matupu upande mmoja ina faida. Lakini kabla ya kulaumu kura, mtazame jirani kwa dakika tano ukiwa umeshusha ufito wako. Anavua umbali gani? Kiboya chake kina mshipi mrefu chini au mfupi? Analisha kila samaki, au kila samaki watatu? Mfuate kwa kina na mdundo wa kulisha. Rangi ya kiboya chake haina maana.

Kwenye maziwa ya F1 kama Tunnel Barn Farm huko Warwickshire utaona wazi kwamba anayeshinda ni yule anayelisha kidogo kidogo, mara nyingi, bila kuchoka. Mikono yake haipumziki. Na baada ya mechi muulize. Wavuvi wa klabu za hapa ni wakarimu wa maarifa kuliko wanavyoonekana wakiwa wamenyamaza kwenye masanduku yao, na mgeni anayeuliza kwa heshima hupewa jibu kamili, mara nyingine na chambo kilichobaki.

Vipande vya ufito vimekwama au vimepasuka

Mchanga na maji kwenye maungio ndiyo chanzo. Futa kila ungio kwa kitambaa kabla ya kuunga. Vikikwama, wewe shika upande mmoja na mwenzako mwingine, mvute kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha kwa nguvu na bila koleo. Ukiona ufa wa urefu, usikitumie kipande hicho tena siku hiyo. Nyuzi za kaboni zilizopasuka huchoma mkono vibaya. Mpelekee fundi wa fito, kwa sababu gundi ya nyumbani hubadilisha unene na kipande hakiingii tena.

Uzito kwenye mizani ni mdogo kuliko ulivyohesabu

Mizani ya mechi husoma paundi na aunsi: aunsi 16 ni paundi 1, na paundi 1 ni gramu 454 hivi. Wengi wanaofikiri kwa kilo hukosea hesabu kichwani, na kosa hilo linaleta matatizo ya kweli, kwa kuwa maziwa huweka kikomo kwa kila wavu. Tuseme kikomo ni paundi 50. Ukiweka 58, kwa kanuni za mahali pengi zile 8 hazihesabiwi, na mahali pengine wavu wote unafutwa. Tumia kihesabio cha kubonyeza kwa kila wavu, badilisha wavu mapema, na ukiwa na shaka uliza wavu mwingine.

Angalia pia kama karpu na silva, yaani rochi, brimu na jamii yao, wanatakiwa kwenye nyavu tofauti. Samaki aliyenaswa kabla ya filimbi ya mwisho kwa kawaida huhesabiwa hata akiopolewa baadaye kidogo, lakini kanuni hii hutofautiana, na katibu wa mashindano ndiye mwenye neno la mwisho. Ukiona uzito haukusomwa sawa, sema hapo hapo kabla samaki hawajarudishwa. Wakisharudi majini hakuna rufaa inayowezekana.

Samaki kwenye wavu wanahema juu ya maji au wanalala ubavu

Hapa acha kuvua na umwite msimamizi wa ziwa au katibu wa mashindano. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki waliosongamana kwenye wavu huimaliza haraka. Kabla msimamizi hajafika, hakikisha wavu umenyooshwa wote majini, haujakunjamana kwenye maji mafupi, na usiongeze samaki. Usiwaachie mwenyewe kabla ya kupimwa ikiwa msimamizi yuko njiani; akisema waachiwe, waachie mara moja. Hakuna zawadi ya klabu inayostahili samaki mmoja aliyekufa.

Ikiwa samaki nje ya nyavu nao wanahema, hasa alfajiri baada ya usiku wa joto, au kuna waliokufa wanaelea, hilo ni la ziwa zima. Msimamizi asipopatikana, piga simu ya dharura ya mazingira ya Environment Agency, 0800 80 70 60. Karpu wengi wenye vidonda, matamvua yaliyooza na macho yaliyozama wakati wa joto wanaweza kuwa na virusi vya KHV, ugonjwa ambao kisheria ni lazima uripotiwe kwa wakaguzi wa afya ya samaki wa serikali. Usibebe nyavu zilizolowa kutoka ziwa hilo kwenda jingine. Zitie dawa, zikauke kabisa.

Mambo ya kuacha kila kitu na kuita msaada

Nyaya za umeme zikipita juu au karibu na pegi, usivue hapo. Ufito wa kaboni hupitisha umeme, na umeme unaweza kuruka hewani kabla ufito haujaugusa waya. Umbali wa usalama ni mita 30 kutoka kwenye nyaya. Hili linahusu pia njia unayopita ukiwa umebeba ufito uliosimama. Ikiwa pegi uliyoipata kwa kura iko karibu, ikatae na umwambie katibu. Ana wajibu wa kukupa nyingine. Ufito ukigusa waya, usimguse aliyeushika: piga 999. Waya ulioanguka huripotiwa kwa 105.

Radi ikisikika, laza ufito chini na uondoke ukingoni. Usisubiri filimbi ya katibu.

Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi, usimrukie. Mrushie boya la uokoaji au mpe mpini wa wavu, mwambie alale chali aelee mpaka pumzi itulie, na mtu mwingine apige 999.

Ndoana isiyo na kijino ikiingia kwenye kidole kwa juu juu, hutoka kwa kuirudisha ilikopitia. Ikiwa karibu na jicho, kwenye kiungo, au imezama sana, usiivute. Kata mshipi, funika, nenda hospitali kitengo cha dharura, na useme chanjo yako ya pepopunda ni ya lini.

Na kama siku chache au wiki mbili tatu baada ya kuvua unapata homa, kichwa kuuma, maumivu ya misuli ya miguu, usikimbilie kusema ni mafua tu, wala malaria kwa kuwa ulisafiri nyumbani mwaka jana. Mkojo wa panya kwenye maji ya maziwa hueneza bakteria waitwao leptospira, nao huingia kupitia michubuko na macho. Funika majeraha kabla ya mechi, nawa kabla ya kula mkate wako. Ukiumwa, piga 111 au nenda kwa daktari wako na umwambie waziwazi kwamba ulishika maji ya ziwa na samaki, kwa sababu asipoambiwa hatafikiria kupima. Macho au ngozi ikiwa ya njano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.